Bila Saini ya Hakimu, Laini Isizimwe

Sheria inayomlinda mtunzi wa Kongo ilisainiwa na Mobutu tarehe 5 Aprili 1986. Ni amri-sheria namba 86-033, na mpaka leo ndiyo inayofunguliwa mtu anaposhtakiwa kwa kuiba wimbo, kitabu au filamu. Enzi hizo wizi ulifanywa kwa redio yenye milango miwili: kaseti moja inacheza, ya pili inarekodi. Leo mkaaji wa Luberizi, huku kwetu uwandani wa Ruzizi, anatembea na kadi ndogo kuliko ukucha, na ndani yake mna nyimbo nyingi kuliko zilizowahi kupangwa katika duka zima la kaseti. Kwamba sheria hiyo imezeeka na inapaswa kuandikwa upya, hatubishani na mtu. Tunalotaka kulisema mapema, kabla kalamu haijashikwa Kinshasa, ni jinsi ambavyo isiandikwe.

Nenda kando ya barabara ya taifa namba 5, ile inayotoka Bukavu kupitia Kamanyola na Luvungi kwenda Uvira. Chini ya bati lenye paneli ya sola utakuta meza, juu yake kompyuta iliyochakaa, waya za kuchajia simu za watu na kisomeo cha kadi. Mteja anatoa simu yake, anavua kadi, anaiweka mezani pamoja na noti. Kijana anauliza kwa adabu, "Papa, nikutilie za Mungu ao za dunia?" Mzee anataka za kwaya. Baada yake anakuja mwingine anayetaka Fally Ipupa, Bongo Fleva mpya kutoka Dar es Salaam, na filamu mbili za Kichina ambazo mtu ameziwekea maelezo ya Kiswahili. Kazi inaisha kabla simu ya jirani haijajaa moto. Hakuna hata franka moja ya noti ile itakayomfikia aliyeimba, aliyecheza filamu, wala aliyeitafsiri.

Kijana yule anatenda kosa, na sisi hatutampamba. Umaskini wa mteja haulifanyi jasho la mwanamuziki kuwa mali ya kila mpita njia. Katiba ya 18 Februari 2006, katika ibara yake ya 46, inatamka kwamba haki za watunzi zinahakikishwa na kulindwa na sheria. Kongo imo katika Mkataba wa Berne tangu mwaka 1963. Nchi ambayo muziki wake umechezwa bara zima haiwezi kuendelea kuwaacha wanamuziki wake wazeeke wakichangiwa pesa za dawa na matanga.

Lakini meza ile ile ina shughuli nyingine. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa humanite anakuja kutoa fotokopi ya aitemu za mtihani wa taifa, kwa sababu kitabu chenyewe hakipatikani Luberizi, na kikipatikana Bukavu bei yake inazidi karo. Mwuguzi wa kituo cha afya anachapisha mwongozo wa tiba aliotumiwa kwa WhatsApp. Mwalimu anaomba ramani ya Afrika. Kwa mbali nakala ni nakala, na mwandishi wa sheria anayekaa mbali hawezi kuona kwamba kadi ya nyimbo za kuuza na karatasi ya kusomea si mashauri ya uzito mmoja. Akiandika neno moja kali la kuzifunika zote, atakuwa ameipiga marufuku shule.

Hiyo ni hatari ya kwanza, na ndiyo ndogo. Kubwa ni kwamba nchi hii tayari ina mkono uliozoea kuzima.

Sheria ya simu ya tarehe 16 Oktoba 2002, nayo katika ibara yake ya 46, iliipa Serikali ruhusa ya kuzuia matumizi ya mitambo ya mawasiliano kwa ajili ya usalama, kwa ajili ya ulinzi wa nchi, au kwa sababu nyingine yoyote. Soma tena maneno hayo ya mwisho. Sheria inayosema "sababu nyingine yoyote" haijaweka sababu hata moja. Desemba 2011, baada ya uchaguzi, meseji zilikatwa nchi nzima kwa wiki kadhaa, na walioumia kuliko wote ni viziwi, ambao meseji kwao ndiyo simu. Januari 2015, watu walipoandamana dhidi ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Tarehe 30 Desemba 2017 waziri wa mawasiliano, Emery Okundji, aliyaandikia makampuni yakate intaneti na meseji, na yakakata. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, giza likarudi, likadumu takriban siku ishirini. Mshauri wa Rais, Barnabé Kikaya, alieleza kwamba ni kwa ajili ya kuzuia matokeo ya uongo yasisambae. Wenye bahati ya kukaa mpakani walitafuta laini za Burundi na Rwanda. Sheria ya 25 Novemba 2020 ikaja kuchukua nafasi ya ile ya 2002, lakini ruhusa ya kuzima ikabaki.

Katika orodha hiyo yote hakuna hakimu. Kuna barua ya waziri, kuna simu iliyopigwa usiku, kuna mkurugenzi wa kampuni anayetii. Ndiyo maana tunasema bila kuzunguka: mtu akiomba leo apewe uwezo wa kufunga tovuti ili awalinde wanamuziki, kwanza tutazame mkono atakaoupa uwezo huo.

Msomaji atasema kwamba sheria ya watunzi ni shauri la biashara, haihusiani na uchaguzi. Na aangalie yaliyotokea kwingine. Mwaka 2011 Bunge la Marekani lilipokea miswada miwili, SOPA na PIPA, iliyodai kupambana na uharamia wa filamu na nyimbo. Ingeruhusu makampuni ya intaneti yaamriwe kuzuia majina ya tovuti za nje, injini za utafutaji zifute viungo, na njia za malipo zikatwe. Tarehe 18 Januari 2012 Wikipedia ya Kiingereza ilijifunga yenyewe kwa saa 24 kuonyesha dunia ingefananaje, simu zikamiminika kwa wabunge, na siku mbili baadaye miswada ikawekwa kando. Julai mwaka huo Bunge la Ulaya nalo likaukataa mkataba wa ACTA kwa kura 478 dhidi ya 39. Hao waliokataa si watetezi wa wizi. Waliona kwamba kifaa cha kumfungia mwizi wa filamu ni kile kile cha kumfungia mwandishi wa habari. Kinachobadilika ni jina linaloandikwa kwenye amri.

Italia haikuogopa. Mwaka 2023 ilitunga sheria ya kulinda haki za kuonyesha mpira, ikajenga mfumo uitwao Piracy Shield: mwenye haki anaingiza anwani ya tovuti, na makampuni yanatakiwa kuizima ndani ya dakika 30, bila hakimu kuipitia kwanza. Tarehe 19 Oktoba 2024 mfumo huo ulizima sehemu ya Google Drive. Watu wasiojua hata nani alikuwa anacheza jioni ile wakashindwa kufungua hati zao za kazi. Sababu yake ni rahisi kueleza: anwani moja ya intaneti hubeba tovuti nyingi kwa pamoja, na anayepiga anwani anawapiga wote waliomo. Huko ni kufunga soko zima kwa sababu ya kuku mmoja aliyeibwa. Na Italia ina mahakama zinazofikika, magazeti yenye mawakili na mafundi wa kurekebisha kosa siku ile ile. Luberizi ikizimwa kwa makosa, ni mlango gani wa kugonga?

Karibu nasi zaidi, Kenya imekwenda njia mbili kwa wakati mmoja, na inafaa kuzitofautisha. Mwaka 2019 ilirekebisha sheria yake ya hakimiliki ili mwenye kazi aweze kuidai kampuni ya intaneti iondoe au izuie kilichoibwa. Mwaka huo huo MultiChoice, wenye DStv, wakazitaka Safaricom na Jamii Telecommunications zizuie tovuti zilizokuwa zikionyesha mpira. Makampuni yalipinga, shauri likaenda mahakamani. Lilichukua muda, mawakili walilipwa, watu walinung'unika, lakini pande zote zilisimama mbele ya hakimu. Halafu mwaka 2022 Kenya ikatunga jambo ambalo halikupigiwa kelele sana ng'ambo, nalo ndilo lililofaa kuigwa: katika mapato ya nyimbo za miito ya simu, msanii apate angalau asilimia 52. Sheria ile haikufunga kitu. Iligawa pesa.

Njia ya pili ya Kenya ndiyo inayotutia wasiwasi. Tarehe 15 Oktoba 2025 Rais Ruto alisaini marekebisho ya sheria ya makosa ya mtandao, yanayoiruhusu kamati ya serikali kuagiza tovuti ifungwe ikionekana inaendeleza, pamoja na ugaidi na picha chafu za watoto, shughuli zisizo halali. Nani anapenda ugaidi? Lakini "shughuli zisizo halali" ni kapu lisilo na kitako. Kunakili wimbo si halali. Kuandamana bila taarifa si halali. Kuchapa waraka wa siri wa wizara si halali. Tanzania haikuhitaji hata kapu: tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa, na ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa wakakaa siku kadhaa bila kujua nani yuko hai.

Tumeshajifunza nyumbani pia jinsi sheria iliyouzwa kwa jina moja inavyofanya kazi nyingine. Sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 ilitangazwa kuwa ya saini za kielektroniki, biashara ya mtandaoni na usalama wa kompyuta. Ndani yake, ibara ya 360 inamfunga mwezi mmoja hadi sita anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo mtandaoni. Miezi sita baadaye, tarehe 8 Septemba 2023, mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa, na sheria hiyo ikawa miongoni mwa zilizotumika kumshtaki. Alitoka Machi 2024. Sheria hiyo, kama ile ya Mobutu ya 1986, ni amri-sheria iliyosainiwa na Rais; wabunge hawakuijadili ibara kwa ibara mbele ya wananchi. Ibara ya 129 ya Katiba inaruhusu njia hiyo, lakini haimlazimishi mtu kuifuata kila shauri likihusu mdomo wa raia.

Wapo watakaotuambia: nyie mnakaa Kivu, mnajua uvumi unavyoua. Tunajua kuliko wanaotuambia. Uwanda huu umesikia maneno ya chuki ya Mfuliiru dhidi ya Mrundi, ya wote dhidi ya Mnyamulenge, na ya Mnyamulenge dhidi ya wote, na sauti zilizorekodiwa zikipita simu hadi simu zimewahi kuwatoa watu nyumbani na panga. Anayetuma sauti hizo ashtakiwe kwa jina lake. Lakini hoja ya usalama ina upande wa pili, na upande huo tunaubeba sisi.

Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, huko Mutarule, jirani kabisa na Luberizi, watu wasiopungua 30 waliuawa, wengi wao wakiwa kwenye ibada. Luberizi kuna kambi ya jeshi. Sange, mwendo wa kilomita chache, kulikuwa na walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa. Uchunguzi wa Human Rights Watch ulieleza kwamba wanajeshi na walinzi hao walipata habari ya shambulio na hawakufika kwa wakati. Habari iliwafikia kwa sababu laini ilikuwa hai. Haikuwaokoa waliokufa, na lawama hiyo bado iko kwa wale waliokaa kambini. Lakini kwa kuwa laini ilikuwa hai, ilijulikana baadaye nani aliarifiwa na nani hakuinuka. Laiti ingekuwa imezimwa usiku ule, wenye dhamana wangesema tu kwamba hawakusikia, na nani angewabishia?

Desemba 2025 vita viliposhuka uwandani hadi Uvira, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kuingia Burundi, swali lililokuwa katika kila simu lilikuwa moja: barabara gani inapitika? Mama aliyebeba mtoto mgongoni alinunua mega kabla ya kununua unga. Anayetaka kupewa uwezo wa kuzima laini hii, hata akija na jina la msanii mkononi, ajue anaomba nini. Tunalisema hili kwa kila mwenye madaraka hapa Kivu, awe ameyapata kwa kura au kwa bunduki.

Basi wajibu ni wa nani?

Wa Bunge kwanza. Sheria ya 1986 ifutwe, iandikwe mpya, ijadiliwe hadharani, isiletwe kama amri-sheria. Ndani yake anayeshtakiwa awe ni yule anayefanya biashara ya kazi ya mwingine, na adhabu ilingane na faida aliyoipata. Nakala ya kusomea na kufundishia itajwe wazi kuwa ruhusa. Na ikibidi ukurasa fulani uondolewe mtandaoni, aamue hakimu baada ya kuwasikiliza wahusika, ataje ukurasa huo na si mtandao mzima, aweke siku ya mwisho ya amri, na amri ichapishwe yenye jina lake. Agizo lisilo na saini ya hakimu liwe batili, na kampuni inayolitekeleza ijibu mahakamani pamoja na aliyelitoa. Ruhusa ya kuzima iliyobaki katika sheria ya simu ya 2020 ifutwe siku hiyo hiyo, maana sheria nzuri ya watunzi iliyowekwa kando ya ruhusa hiyo ni kazi bure.

Makampuni ya simu yana wajibu ambao yamezoea kuukwepa. Vodacom, Airtel na Orange yanauza mega ambazo wateja wanazimaliza kwa kusikiliza nyimbo. Yanauza nyimbo zenyewe kama miito. Ukiyauliza kuhusu haki ya mtunzi, utaambiwa kampuni ni njia tu, haiangalii kinachopita. Akipiga simu waziri, njia ile ile inapata macho na mikono na inafunga kila kitu kabla jua halijachwa. Yachague moja. Na tusisahau kwamba mkono wa kukata pesa upo: kuanzia mwaka 2020 hadi 2022 kila mwenye simu alikatwa unite kwa ajili ya kodi ya RAM, dola 1 kwa simu ndogo na dola 7 kwa simu kubwa kwa mwaka, mpaka wananchi walipopiga kelele ikaondolewa. Mfumo uliojua kumtoza muuza mihogo wa Luberizi hauwezi kudai kwamba haujui kumlipa mwimbaji.

SOCODA, iliyoruhusiwa mwaka 2011 kukusanya na kugawa haki za watunzi baada ya SONECA ya 1969, ichapishe hesabu zake: imekusanya kiasi gani kwa redio, hoteli, baa na makampuni ya simu, na imemlipa nani. Wanamuziki wamelalamika hadharani miaka mingi kwamba mgao hauwafikii. Shirika lisiloweza kuonyesha daftari halina uso wa kudai wengine wafungwe. Na literemke mpaka huku: kijana wa meza apewe leseni ya bei anayoiweza, aorodheshe anachouza, atoe sehemu. Wengi wao wangelipa, kwa kuwa leseni ni kinga pia dhidi ya polisi anayekuja kila Jumamosi kuchukua "sukari". Polisi huyo, tuseme ukweli, ndiye pekee anayekusanya haki za watunzi Luberizi kwa sasa.

Na wasanii wenyewe wakumbuke Novemba 2021, Tume ya taifa ya kuchuja nyimbo ilipoupiga marufuku wimbo wa kundi la MPR, "Nini tosali te". Marufuku iliondolewa upesi, lakini hata kama ingebaki, wimbo ulikuwa tayari katika kila simu, nani angeurudisha? Ulifika huko kwa nakala zisizolipiwa, zile zile zinazowanyima wasanii chakula. Msanii anayeiomba Serikali kifaa cha kufunga tovuti ajue kwamba wimbo wa kwanza kufungwa unaweza kuwa wake. Aombe pesa yake, na sisi tutaiomba pamoja naye, kwa sauti kubwa.

Msomaji hatumsamehi. Mwenye uwezo wa kununua mzinga wa bia Jumapili ana uwezo wa kulipia wimbo. Mhubiri anayeuza mahubiri yake kwenye kadi asitie ndani yake kwaya ya kanisa la mwingine bila idhini. Redio za jamii zitaje mtunzi kila zinapopiga wimbo, na gazeti litakalochukua picha ya mtu Facebook liandike jina lake au liiache.

Vikao vya kawaida vya Bunge hufunguliwa tarehe 15 Machi na tarehe 15 Septemba. Mbunge wa teritwari ya Uvira atakayepita barabara namba 5 kabla ya tarehe hizo asimamishwe Luberizi na aulizwe mambo mawili: ataupigia kura mswada unaofunga tovuti bila hakimu, na ataifuta ruhusa ya kuzima laini? Ajibu kwa maandishi, na jibu libandikwe pale kwenye meza ya kujazia kadi, watu walisome wakisubiri simu zao.